Mzimu Gani Husema "Jamani"?

Mlionipigia simu gazetini wiki iliyopita kunitukana, salamu zenu zimefika. Mmoja ameniita mwongo. Mwingine, mtu mzima kabisa kwa sauti, amesema nimemharibia kumbukumbu za utoto wake. Pole yake. Yupo mama niliyemharibia utu uzima, na huyo hajawahi kunipigia hata mara moja.

Kwa aliyeingia leo, nitasema upesi. Mimi ndiye fundi sauti wa kile kipindi cha Nani Yumo?, cha kupekua nyumba zenye mizimu, kilichowafanya mlale taa zikiwaka. Mimi ndiye niliyeinasa ile sauti iliyotoka stoo ya mjane mmoja: "Mama, nifungue." Mliifanya mlio wa simu. Mliivaa kifuani kwenye fulana. Watoto wenu waliichezea mchezo wa kujificha.

Na yule mjane, aliyekuwa amefiwa na mtoto wa kambo na baadaye mume, mkampa jina. Mama Nifungue. Mkasema alimfunga mtoto kamba mpaka akafa stoo. Mtoto alikufa kwa homa, wodini, mbele ya manesi. Lakini nesi hapigiwi muziki wa kutisha akiongea, kwa hiyo hamkumsikiliza.

Wiki iliyopita niliishia pale kituo kilipotaka kurusha upya vipindi vile, pamoja na kipindi maalumu cha kumbukumbu. Nikapewa kazi ya kusafisha sauti. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoondoa mngurumo wa jenereta kama unavyoondoa utando juu ya maziwa. Nikaondoa mngurumo. Chini yake hapakuwa na "Mama, nifungue."

Palikuwa na "Jamani, nifungulie."

Jenereta ilikuwa imemeza "ja" na "li", basi; "mani" iliyobaki tukaisikia "mama". "Nifungue" ni mtu aliyefungwa kamba. "Nifungulie" ni mtu anayetaka mlango. Na mzimu gani, niambieni nyie mabingwa wa kunitukana, husema "jamani"?

Tena sauti yenyewe ilikuwa ya mume wangu.

Haya. Tuendelee.

Asubuhi iliyofuata binti yetu alikuwa shule. Mume wangu alikuwa mezani na chai yake. Mama yake, aliyekuja kututembelea na hajasema anaondoka lini, alikuwa kwenye kochi anatazama televisheni iliyozimwa sauti. Mume wangu ni mpiga picha. Kazini wanamwita Kamera, na hilo ndilo jina nitakalotumia hapa, maana kumwita mume wangu wiki hii kunaniwasha ulimi.

Niliweka kompyuta katikati ya vikombe.

"Nini tena?" akauliza.

"Sikiliza."

"Nakunywa chai."

"Kunywa. Sijakuomba masikio uyatie kwenye kikombe."

Nikabonyeza. "Jamani, nifungulie."

Mama mkwe ndiye aliyegeuka kwanza. "Si ni wewe huyo?" alimuuliza mwanawe.

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Hata ulipokuwa mdogo ukijifungia chooni uliita hivyo hivyo."

Nilitamani kumkumbatia yule bibi. Ilikuwa mara ya mwisho kutamani hivyo.

Kamera akaweka kikombe. "Sauti zinafanana. Duniani watu wangapi wana sauti kama yangu?"

"Waliokuwemo kwenye nyumba ile siku ile? Mmoja."

"Basi niliongea kwa mbali, maiki ikanasa."

"Maiki ilikuwa imetegwa mlangoni pa stoo. Niliitega mimi."

 Nikamsogelea.

"Nani alikuwa nje ya mlango? Nani ulikuwa unamwambia 'nifungulie', kwa sauti ya kubembeleza vile?"

Hapa nichekeni mkitaka. Kabla hata sijaketi mezani nilikuwa nimeshampata mwanamke. Dada wa vipodozi, yule aliyekuwa akimpaka Profesa, mtangazaji wetu, masizi chini ya macho ili aonekane hajalala kwa ajili yenu. Nilikuwa nimeshamhukumu, nimeshamfukuzisha kazi, nimeshamtungia na maneno ya kumwambia mumewe.

Kamera alicheka. Alicheka kweli, mpaka akashika meza.

"Mwanamke! Stoo ile, na panya wale, mtu ampeleke mwanamke?"

"Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Nagonga madebe."

 Mama mkwe akatazama televisheni kwa bidii.

"Profesa aliniambia niingie, nigonge madebe, nikokote gunia," akasema Kamera. "Wewe ulidhani mizimu inajigonga yenyewe? Mchana kweupe, tumeziba madirisha kwa vitambaa vyeusi ili paonekane usiku, halafu mizimu ije kwa ratiba yetu?"

Nilidhani, ndiyo. Vitambaa nilivijua, nilivibeba. Lakini sauti niliziamini. Nilikuwa nje kwenye gari, spika zimeziba masikio, na ile "Mama, nifungue" iliponifikia nilijikojolea kidogo. Sijawahi kumwambia mtu. Sasa nimeiambia nchi nzima.

"Komeo la nje likajidondokea," akaendelea. "Nikakwama. Nikaita."

"Nani akakufungulia?"

Akaanza kukizungusha kikombe.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Yule mama?"

"Yule mama."

Kuna kipande hamkukiona kwa sababu kilikatwa. Baada ya kipindi kuwapagawisha, tulirudi kwake kumhoji. Alisimama kwenye ua wake, majirani wamejaa mpaka juu ya ukuta, akasema bila kupepesa: "Mzimu wenu nimemtoa stoo mwenyewe. Kavaa soksi nyekundu. Ni huyo hapo mwenye kamera." Majirani wakavunjika mbavu. Profesa akamuuliza Kamera mbele ya watu kama aliwahi kuingia stoo. Kamera akajibu: "Sijawahi hata kuisogelea."

Fimbo ya maiki niliishika mimi, juu ya kichwa chake. Tulikuwa wachumba. Mchumba wangu alikuwa amesema, na mimi nilimwamini yeye.

"Heri ingekuwa dada wa vipodozi," nilimwambia pale mezani.

"Unasema?"

"Mwanamke ningegombana naye yakaisha. Hili nitagombana na nani?"

"Usigombane na mtu. Funga hiyo kompyuta."

"Ulimtazama usoni ukamkana. Alikuwa amekufungulia mlango."

"Nilikuwa na miaka mingapi? Profesa alisema nikifungua mdomo, kipindi kimekufa na sote tuko nje. Wewe ndiye uliyepewa tuzo ya ile sauti, si mimi. Umeiweka sebuleni. Mimi naipangusa vumbi!"

Kweli, huwa anaipangusa. Hilo liliniuma kuliko yote aliyosema.

"Leo utasema," nikamwambia.

"Nisimame barabarani niseme mimi ndiye mzimu?"

"Ndiyo."

"Halafu binti yako aitwe mtoto wa mzimu?"

"Yule mama ameitwa muuaji."

"Ameshazoea!"

Alijuta palepale, nilimwona. Lakini lilikuwa limeshatoka, na kwa hasira ya kujuta akatoa na lingine.

"Na umechelewa. Profesa amempata. Unajua anafanya nini siku hizi? Analea watoto wa watu! Mama Nifungue, watu wanampelekea watoto wao asubuhi, wanawafuata jioni, hawamjui. Leo wazazi wakija, kamera ziko getini. Ndicho kipindi chenyewe cha kumbukumbu."

Ratiba ya jioni ile ilikuwa kwenye simu yangu tangu jana yake: mtaa, geti la bluu, wote tufike kabla jua halijazama. Nilidhani ni mahojiano ya kawaida. Nilibeba kompyuta, spika ndogo na zile za masikioni, nikavalia viatu nje.

"Mkwe," mama mkwe akaniita, "ya ndani yabaki ndani."

"Mama, haya hayajawahi kuwa ya ndani. Watu wameyavaa kifuani."

Geti la bluu nililipata bila kuuliza. Nilibisha kwa ukucha, maana palikuwa kimya. Alifungua mwenyewe, kachanga begani anakapigapiga mgongo. Amezeeka. Amekonda shingo. Lakini alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ni yule wa masikio."

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie. Umefuata nini?"

Aliyasema yote hayo kwa kunong'ona, kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Sebule nzima ilikuwa magodoro madogo, kila godoro na mtoto wake kifudifudi, na mlangoni ndala za kila rangi zimepangwa. Vikombe vya plastiki vilikuwa dirishani, kila kimoja na utepe wake ili wasinyang'anyane. Hakuna aliyewahi kunifokea vile maishani mwangu, na sauti yake haikumwamsha hata mtoto mmoja.

"Ondoka kwenye nyumba yangu."

"Mama, nina kitu usikie."

"Mimi? Nisikie? Nyie ndio mliokuwa viziwi!"

Nikapiga magoti kando ya godoro, nikamvalisha spika za masikioni huku kachanga kakilala begani. Nikabonyeza. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika.

"Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyosema. Nami nikamwambia, baba, unafanya nini kwenye stoo yangu? Akasema anatafuta choo."

"Mama, leo nina ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Kwamba hukumfunga mtoto yeyote."

Akazivua zile spika akanirudishia kifuani, kwa nguvu.

"Mwaka ule nyie mlikuwa na mashine, mimi nina mdomo. Watu wakaamini mashine. Sasa unaniletea mashine nyingine, unataka nishukuru? Nani aliyewaita kwangu? Shemeji yangu. Aliitaka nyumba ya kaka yake. Amekaa mle mpaka leo, anazaa na kuzaa, mzimu haujamkosesha usingizi. Mbona hamrudi kumrekodi?"

 Mtoto mmoja aligeuka, akanyonya kidole, akatulia. Tulimsubiri sote wawili.

"Mama, wanakuja leo," nikanong'ona. "Jioni. Na kamera. Wanakuja kuwaambia wazazi wewe ni nani."

 Alikaa kwenye kistuli cha watoto, goti likafika kidevuni.

"Kila nikihama, kuna mtu ana ile sauti kwenye simu," akasema. "Natulia, naanza kupata watoto, siku moja mgeni anakuja kwa jirani, ananitazama sana. Kesho yake hakuna mtoto. Mwanangu, mimi sijui kufanya kazi nyingine. Hawa wakiondoka sina tena nguvu ya kwenda kuanza kwingine. Nitakaa kwenye hii sebule tupu mpaka nife."

"Hawataondoka. Nitawapigia wazazi sauti hii."

"Hawatasikia. Nataka mdomo. Mdomo wake yule mwenye soksi, hapa getini, mbele ya hawa wazazi. Aseme nilikuwa stoo, mama alinifungulia, nikamkana. Basi. Unaweza kumleta?"

Nilitoka uani nikampigia Kamera. Nilimwambia kila kitu, na mwisho nikamwambia kama aliwahi kunipenda aje aseme maneno hayo, kisha nitaitupa ile tuzo na hatutazungumza habari hiyo tena mpaka kaburini.



"Sawa," akasema. "Nakuja."

Mnisikie vizuri. Nililia. Nililia kwa furaha nimeshika kamba ya kuanikia nguo, nikasema moyoni, nimeolewa na mwanaume.

Wazazi walianza kufika. Mama wa sare ya benki, viatu mkononi. Baba mwenye kofia ya pikipiki. Wengine wawili watatu, simu masikioni, macho yakitafuta mabegi ya watoto wao. Mama yule, ambaye mtaani wanamwita Mama Mlezi, alikuwa akimpa kila mmoja habari: huyu amekula vizuri, huyu ana mafua, huyu leo amemng'ata mwenzake. Mimi nilisimama kando na spika yangu, natazama barabara.

Gari lililokuja lilikuwa la kituo.

Alishuka Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea, na lile koti lake jeusi la mifuko mingi. Akashuka mpiga picha mwingine, kamera tayari begani, taa nyekundu inawaka. Wa mwisho akashuka Kamera. Mikono mitupu. Hakunitazama.

"Ndugu wazazi!" Profesa akapaza sauti, ile sauti yake ya kwenye kipindi. "Mnamjua huyu mnayemwachia watoto? Mnakumbuka 'Mama, nifungue'?"

Niliona jina likiwafikia mmoja mmoja. Mama wa benki aliangusha viatu akamnyakua mwanawe. Baba wa pikipiki akasema, "Haiwezekani." Mwingine akasema, "Ndiye! Nilisema uso huu naujua!" Watoto wakaanza kulia kwa sababu wakubwa walikuwa wanavuta mikono.

"Mchawi!"

"Tumekuwa tukikupa watoto wetu!"

Mama Mlezi hakujitetea. Alisimama tu, kiatu cha mtoto mmoja mkononi, akinitazama mimi.

Nikafungua spika mpaka mwisho. "Jamani, nifungulie!" Ua wote ukasikia. Nikarudia. "Jamani, nifungulie!"

Baba wa pikipiki ndiye aliyecheka. "Sasa huo ni mzimu au ni fundi bomba?"

"Ni mtu!" nikapiga kelele. "Ndiyo sauti yenyewe, imesafishwa. Hakuna mzimu, hakuna mtoto aliyefungwa. Ni mtu wa kipindi alikwama stoo akiigiza mizimu, na huyu mama ndiye aliyemfungulia. Ni mume wangu. Ni huyu hapa. Amekuja kusema mwenyewe."

Wote wakamgeukia. Na ile kamera yenye taa nyekundu ikamgeukia. Mama wa benki akambana: "Ni wewe?"

"Sauti ni yangu," akasema.

Nilifumba macho. Nikashukuru.

"Ni yangu," akarudia, "lakini sikuitoa stoo. Sijawahi hata kuisogelea. Tulikuwa wachumba wakati ule, tumepanga chumba kimoja. Siku moja alinifungia nje, nikaita anifungulie. Kumbe alikuwa amewasha mashine yake. Akaichukua, akaifunika kwa mngurumo, akaipachika kwenye kipindi. Alitaka cheo. Akapewa na tuzo. Mimi nilipojua ilikuwa imeshakuwa mke wangu, nikamsitiri. Leo nimechoka kumsitiri."

Alikuwa ameyakariri. Hata ulimi ulimteleza hapo kwenye "ilikuwa", lakini ni mimi peke yangu niliyesikia.

"Mungu wangu," Profesa akasema, mkono kifuani. "Hata mimi sikujua." Kisha pembeni, kwa mpiga picha wake: "Umeipata? Yote?"

Ndipo nikaelewa walichokuwa wakizungumza garini. Kwa hadithi ile Profesa ni msafi, Kamera ni msafi, na kipindi cha kumbukumbu ni kizuri kuliko walivyoota. Na mama yule pia ni msafi. Wote walikuwa wametakata, kasoro mtu mmoja.

"Mwongo!" nikasema. "Muulizeni yeye! Alimfungulia kwa mkono wake. Alimwona!"

Mama wa benki akamgeukia, bado amembana mtoto. "Mama Mlezi. Ni kweli anavyosema huyu baba?"

Mama Mlezi alimtazama Kamera. Akawatazama wazazi, mabegi begani, mguu mmoja ndani ya geti na mwingine nje. Akanitazama mimi. Nilimtikisia kichwa, kumwambia sema, mama, leo watakusikia.

"Ni kweli," akasema. "Ni huyu binti. Alikuja na mashine zake akanichafua. Baba wa watu hana kosa."

Hata Kamera alishtuka.

Nilimfuata karibu mpaka nikasikia harufu ya poda ya watoto kwenye khanga yake. "Mama! Umeniambia mwenyewe leo! Ulimfungulia, akasema anatafuta choo!"

Aliinama kumvalisha mtoto kile kiatu. Alinijibu bila kuinua uso, kwa kunong'ona kama mchana ule.

"Mwaka ule nilisema kweli, wakanihamisha. Leo nimeitikia uongo, watoto wanabaki. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nilikuja kukusaidia."

"Umenisaidia, mwanangu. Asante."

Na kweli alikuwa amesaidika. Mama wa benki alikuwa anavaa viatu vyake, anafuta machozi, anasema samahani sana, Mama Mlezi, kesho nitamleta mapema, nina kikao. Baba wa pikipiki alikuwa anamshika mkono kwa mikono miwili. Hakuna hata begi moja lililotoka bila ahadi ya kurudi. 

Kisha wakanigeukia.

"Hivi wewe una roho ya namna gani?" mmoja akaniuliza.

"Mama wa watu! Miaka yote hii!"

"Mwangalie, hata haoni haya."

Mama wa benki akanitazama kuanzia juu mpaka chini, polepole. "Na huyu naye ana mtoto?" akauliza. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Kamera.

"Anaye mmoja," Kamera akajibu. "Msiwe na wasiwasi. Sasa hivi yuko kwenye basi na mama yangu, wanakwenda nyumbani kwetu."

Kwao ni safari ya siku nzima. Nilitoa simu nikampigia mama mkwe, wote wakinitazama, kamera ikinitazama. Simu yake ilikuwa imezimwa.